Kukumbuka Bila Daftari: Maandalizi ya Mitihani Katika Nchi ya Upare

Mazungumzo haya yanahusu maandalizi ya mitihani kwa wanafunzi wa nchi ya Upare, yaani wilaya za Same na Mwanga ambazo zamani zilikuwa wilaya moja, na hasa kwa watoto wa tambarare inayozunguka Ziwa Jipe, ziwa dogo lililoko mpakani mwa Tanzania na Kenya chini ya Milima ya Pare ya Kaskazini. Hoja yake kuu ni moja: kinachomvusha mwanafunzi katika chumba cha mtihani si wingi wa saa alizokaa mbele ya daftari, bali ni jinsi alivyojizoeza kuyatoa kichwani, bila kutazama popote, yale aliyofundishwa, na jinsi alivyoyatawanya mazoezi hayo katika wiki na miezi badala ya kuyarundika katika siku za mwisho. Mazoezi ya namna hiyo hayahitaji fedha nyingi wala umeme wa usiku kucha, na kwa sababu hiyo yanamfaa mtoto wa mvuvi wa Jipe sawasawa na mtoto wa mjini. Yanachohitaji ni mazoea, na mazoea hayo hayadumu yasipolindwa na mzazi, mwalimu na kijiji kizima.

Mtoto wa Kitanzania hupimwa mara nyingi kabla hajafikia utu uzima. Akiwa darasa la nne hufanya upimaji wa kitaifa. Akimaliza darasa la saba hufanya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, ambao kwa kawaida huwa mwezi Septemba. Akifika kidato cha pili hupimwa tena. Kidato cha nne hufanya mtihani mwezi Novemba, na kidato cha sita mwezi Mei. Mitihani yote hiyo iko chini ya Baraza la Mitihani la Tanzania, chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1973 baada ya Tanzania kujitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki. Mwaka uliofuata, Azimio la Musoma la Novemba 1974, tamko la chama tawala kuhusu elimu, lilikosoa tabia ya kumpima mwanafunzi kwa karatasi ya mwisho peke yake, na kutokana na azimio hilo ukaingizwa upimaji endelevu, yaani utaratibu wa kuhesabu kazi na majaribio anayofanya mwanafunzi katika kipindi chote cha masomo. Tangu hapo sera yenyewe imekuwa ikimwambia mwanafunzi kwamba maandalizi ya mtihani huanza siku ya kwanza ya muhula, ingawa wengi huendelea kuyaanza mwezi wa mwisho.

Uzito wa jambo hili ulionekana wazi nchini mwezi Februari 2013, matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalipotangazwa na kuonyesha kwamba zaidi ya asilimia 60 ya watahiniwa walikuwa wamepata daraja la sifuri, yaani wamefeli. Serikali iliunda tume ya kuchunguza, na baadaye mwaka huohuo matokeo hayo yakafutwa na kupangwa upya. Shule za kata, zilizojengwa kwa wingi kuanzia katikati ya miaka ya 2000 kwa nguvu za wananchi na chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, zilikuwa zimefungua mlango kwa maelfu ya watoto wa vijijini huku nyingi zikiwa hazina walimu, vitabu wala maabara za kutosha. Upungufu huo ni wa kweli na hauwezi kufunikwa kwa nasaha za bidii. Hata hivyo, mwanafunzi mwenye mwalimu mmoja na kitabu kimoja cha kushirikiana na wenzake watano ndiye anayehitaji zaidi kujua namna ya kukitumia kidogo alichonacho, kwa kuwa hana cha kupoteza.

Mazoea yaliyoenea katika shule nyingi ni matatu. Mwanafunzi husoma notisi mara nyingi mfululizo. Huzinakili upya katika daftari safi. Au hupiga mistari ya rangi chini ya maneno yanayoonekana kuwa muhimu. Mtihani unapokaribia, huongeza la nne, yaani kukesha, ambalo wanafunzi wenyewe huliita kupiga msuli. Mazoea hayo hupendwa kwa sababu humpa mwanafunzi hisia ya kuelewa: kila anaporudi kwenye ukurasa uleule, macho huyatambua maneno kwa wepesi zaidi, naye hudhani kwamba wepesi huo ni ujuzi. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya kulitambua jibu lililoko mbele ya macho na kuliibua kutoka akilini mbele ya karatasi tupu, na mtihani, isipokuwa katika maswali ya kuchagua, hudai hilo la pili.

Wataalamu wa saikolojia, yaani elimu inayochunguza akili na tabia, wamelifanyia kazi suala hili kwa zaidi ya karne moja. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, akaonyesha kwamba usahaulifu huwa wa kasi katika saa na siku za mwanzo, kisha hupungua kasi, na kwamba marudio yaliyotawanywa hushinda marudio yaliyorundikwa. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, watafiti wa Marekani, waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma; wengine wakavisoma mara mbili, wengine wakavisoma mara moja kisha wakaandika yote waliyoyakumbuka bila kutazama. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliosoma mara mbili walikuwa mbele kidogo. Lakini walipopimwa baada ya wiki moja, waliosoma tena walikumbuka takriban asilimia 42 ya maelezo, ilhali waliojipima walikumbuka takriban asilimia 56. Mwaka 2013 John Dunlosky na wenzake walipitia utafiti uliokwisha kufanywa kuhusu mbinu 10 za kujisomea, wakahitimisha kwamba mbinu mbili zilizostahili kupewa alama ya juu ni kujipima na kutawanya marudio, na kwamba kusoma tena na kupiga mistari ni miongoni mwa zile zenye manufaa madogo.

Inafaa kuonyesha kwa karibu jinsi mbinu ya kujipima inavyofanya kazi katika somo halisi. Mwanafunzi amefundishwa usanisinuru, yaani namna mmea wa kijani unavyojitengenezea chakula kwa kutumia mwanga wa jua. Jioni hulisoma somo hilo mara moja kwa utulivu, kisha hulifunga daftari na kuliweka mbali, huchukua ukurasa mtupu, na kuandika kila anachokumbuka: kwamba mmea huhitaji maji, hewa ya kabonidayoksaidi na mwanga, kwamba umbijani, ile rangi ya kijani iliyo katika majani, ndiyo inayonasa mwanga, kwamba kinachopatikana ni sukari pamoja na oksijeni. Akikwama, hasogezi mkono kulifungua daftari upesi, bali huvumilia dakika moja au mbili za kutafuta, kwa kuwa jitihada hiyo ya kutafuta ndiyo inayoimarisha kumbukumbu. Baada ya hapo hulifungua daftari, na kwa kalamu ya rangi nyingine hujaza alichosahau na kusahihisha alichokosea. Rangi hiyo ya pili humwonyesha pasipo kificho mahali udhaifu wake ulipo, na hapo ndipo atakapoanzia kesho. Zoezi zima humchukua nusu saa, na humfaa zaidi kuliko kupitisha macho tu juu ya kurasa.

Ukurasa huo ukishaandikwa mara moja, kazi haijaisha, kwa sababu usahaulifu alioueleza Ebbinghaus huanza palepale. Mwanafunzi hulirudia zoezi hilo kesho yake kwa dakika 10, kisha baada ya siku tatu, baada ya wiki, baada ya wiki tatu, na kila mara huanza kwa kukumbuka, si kwa kusoma. Wapare wanaujua utaratibu wa namna hii katika kilimo, kwa kuwa tangu kale walijenga ndiva, yaani mabwawa madogo ya milimani yanayokusanya maji ya vijito usiku ili yafunguliwe mferejini asubuhi. Kijito ambacho peke yake kisingefika shambani hufika kwa sababu kimekusanywa kidogo kidogo, kila usiku, wala hakuna mkulima anayengoja gharika moja ya kumwagilia msimu mzima. Anayejisomea nusu saa kila siku kuanzia Januari hufanya hivyohivyo, naye huingia Novemba akiwa na akiba ambayo mkesha wa wiki mbili hauwezi kuizalisha.

Ratiba hiyo ya marudio hurahisishwa na chombo ambacho mtu yeyote anaweza kukitengeneza. Mwaka 1972 mwandishi wa Kijerumani Sebastian Leitner alieleza utaratibu wa visanduku vya kadi: upande mmoja wa kadi huandikwa swali, upande wa pili jibu, na kadi zote huanza katika kisanduku cha kwanza. Kadi iliyojibiwa sawasawa husogezwa kisanduku cha mbele, ambako hurudiwa kwa nadra zaidi. Kadi iliyokosewa hurudishwa kisanduku cha kwanza, ambako hurudiwa kila siku. Makatoni yaliyotupwa dukani yakikatwa vipande yanatosha kuwa kadi, na maboksi ya viatu yanatosha kuwa visanduku, nazo tarehe za historia, kanuni za fizikia, misamiati ya Kiingereza na sehemu za mwili katika bayolojia huingia humo vizuri.

Hisabati hudai nyongeza moja. Vitabu vingi hupanga mazoezi kwa aina: maswali 20 ya asilimia, kisha 20 ya eneo, kisha 20 ya riba. Mwanafunzi anayefuata mpangilio huo hujua kabla hajasoma swali ni kanuni gani itakayotumika, ilhali mtihani humchanganyia yote bila kumdokezea. Kwa hiyo, akishaelewa kila aina peke yake, inampasa achanganye maswali matano au sita ya mada mbalimbali katika kikao kimoja, ili ajizoeze kuchagua njia na si kuifuata tu. Atakosea mara nyingi zaidi katika wiki za mwanzo, na asivunjike moyo, kwa kuwa makosa hayo ni nafuu kuliko yale ya siku yenyewe.

Kwa mwanafunzi wa sekondari, tatizo la lugha limekaa katikati ya kila somo. Mtoto wa Upare anaweza kuzungumza Chasu, lugha ya Wapare, nyumbani, amefundishwa kwa Kiswahili tangu darasa la kwanza hadi la saba, kisha akiingia kidato cha kwanza hukuta masomo karibu yote yakifundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Wengi hulikimbia tatizo hilo kwa kukariri sentensi nzima za notisi bila kujua maana yake, na swali likigeuzwa kidogo tu sentensi hizo hazina tena pa kuwekwa. Njia iliyo salama zaidi ina hatua mbili: kwanza mwanafunzi alieleze jambo kwa Kiswahili au Chasu mpaka mwenzake aelewe, kwa kuwa uelewa haujali lugha, pili aandike jibu hilo kwa Kiingereza chake mwenyewe, kwa sentensi fupi zilizo sahihi, na kumpelekea mwalimu azisahihishe. Hatua ya pili isiachwe, maana mtihani hausahihishwi kwa kile ambacho mwanafunzi angeweza kukisema kwa lugha nyingine.

Mitihani iliyopita ni hazina ambayo mara nyingi hutumiwa vibaya. Yupo anayesoma swali na jibu lake kwa pamoja kana kwamba ni notisi, na yupo anayebashiri maswali yatakayotoka ili aache mada nyingine. Matumizi yanayofaa ni kukaa na karatasi ya mwaka fulani kwa muda uleule wa mtihani, bila daftari na bila kusaidiwa, kisha kuisahihisha kwa ukali. Baraza la Mitihani hutoa pia fomati ya kila somo, yaani maelezo ya muundo wa karatasi na mgawanyo wa alama, pamoja na taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, ambazo hueleza swali kwa swali jinsi watahiniwa walivyojibu na sababu za kufaulu au kukosa. Taarifa hizo hupatikana bure katika tovuti ya Baraza, na mwalimu mwenye simu anaweza kuipakua ya somo lake na kuisoma darasani. Miongoni mwa sababu zinazorudiwa humo mwaka hadi mwaka ni kutoelewa matakwa ya swali. Anayeulizwa aeleze hutaja tu. Anayeulizwa alinganishe huandika upande mmoja. Anayeulizwa sababu huandika athari. Alama zinazopotea hapo si za ujinga wa somo, bali ni za kutosoma swali, na huokolewa kwa kuzoea kupiga mstari chini ya neno la amri kabla ya kuandika neno lolote.

Hali za Jipe zina masharti yake, na mpango wowote wa kujisomea usioyazingatia ni wa karatasini tu. Tambarare ile ni kame, jua huzama karibu na saa kumi na mbili na nusu jioni mwaka mzima, na mtoto anayetembea mwendo mrefu kutoka shule, kisha akachota maji, akatafuta kuni au akachunga mifugo, hukuta giza limeingia. Mvua za vuli, zinazotegemewa kuanza kati ya Oktoba na Novemba, huanguka wakati uleule ambapo kidato cha nne wako katika wiki za mwisho za maandalizi, na familia huhitaji mikono shambani. Mtoto wa kike hubeba mzigo mkubwa zaidi, kwa kuwa jiko na wadogo zake humngoja hata pale kaka yake anaporuhusiwa kusoma. Kwa sababu hizo vikao vifupi vya kukumbuka vina faida ya pekee: dakika za njiani kuelekea shule zinatosha kwa wawili kuulizana maswali, mchungaji anaweza kujieleza somo kwa sauti, na nusu saa ya taa ya sola inatosha kwa ukurasa mmoja wa kuandika kwa kichwa. Vikao hivyo haviwaondolei wazazi wajibu wa kupunguza kazi, lakini humwezesha mtoto asisubiri mazingira makamilifu ambayo huenda yasifike.

Usingizi nao ni sehemu ya masomo. Mwaka 1924 John Jenkins na Karl Dallenbach wa Chuo Kikuu cha Cornell walionyesha kwamba waliolala baada ya kujifunza walisahau kidogo kuliko waliobaki macho kwa muda uleule, na utafiti uliofuata umethibitisha kwamba ubongo uliolala huendelea kuyaimarisha yaliyosomwa mchana. Anayekesha usiku wa kuamkia mtihani hujinyima uimarishaji huo, kisha huingia chumbani akiwa na akili iliyochoka wakati anapoihitaji zaidi. Hofu nayo hupunguzwa kwa njia zilezile: aliyekwisha kujipima mara nyingi kwa saa kamili huikuta siku ya mtihani ikifanana na siku alizozizoea, na hofu inayobaki ni ile ndogo inayomwamsha mtu kuwa makini.

Kusoma kwa kikundi kunafaa iwapo kikundi kinaulizana. Wanafunzi watano wanaomsikiliza mmoja akisoma notisi kwa sauti hawana tofauti na mmoja anayesoma peke yake, ila kila mmoja akipewa mada ya kuwafundisha wenzake bila daftari, na wenzake wakaruhusiwa kumhoji, mfundishaji na wafundishwaji hunufaika wote. Utaratibu huu si mgeni Upareni. Katika madrasa za Usangi na Ugweno, mwanafunzi husimama mbele ya mwalimu akasoma kwa moyo yale aliyoyahifadhi, kisha hufanya muraja, yaani kuyarejea mara kwa mara yale ya zamani ili yasipotee. Na katika sharika za Kilutheri na makanisa ya Waadventista, waliofika Giti katika Upare Kusini mwaka 1903, watoto hufundishwa mafungu na mafundisho ya imani kwa kuulizwa na kujibu. Jamii inayojua kumfikisha mtoto hatua hiyo katika dini inao tayari ustadi wa kumfikisha katika jiografia na kemia.

Siku ya mtihani yenyewe huhitaji maneno machache. Karatasi yenye alama 100 kwa saa 3 humpa mtahiniwa chini kidogo ya dakika mbili kwa kila alama, hivyo swali la insha lenye alama 15 lisizidi takriban dakika 27, na swali la alama moja lisiibe robo saa. Maelekezo yasomwe yote, maswali anayoyamudu yaanze, na dakika 10 za mwisho ziachwe za kuhakiki. Anayeletewa majibu ya kuibwa ayakatae, kwa sababu udanganyifu ukigundulika matokeo hufutwa, na miaka ya jasho lake mwenyewe hufutika pamoja nayo.

Linalobaki ni la jamii. Wapare wana msaragambo, yaani kazi ya pamoja ambayo kila kaya huwajibika kushiriki, na kwa nguvu za pamoja za aina hiyo mifereji imechimbwa, barabara za milimani zimetengenezwa na madarasa yamejengwa. Ada ya shule za serikali iliondolewa hadi kidato cha nne kuanzia mwaka 2016, na kwa kidato cha tano na sita kuanzia mwaka 2022, hivyo kizuizi cha mlangoni kimepungua. Kilichosalia kwa kiasi kikubwa ni muda wa mtoto. Mikutano ya vijiji na kamati za shule zina uwezo wa kuamua kwamba kuanzia Agosti hadi Novemba mtoto wa darasa la mtihani hatolewi darasani kwenda shambani wala mnadani, kwamba chumba kimoja cha shule chenye taa kifunguliwe jioni chini ya mzazi wa zamu, na kwamba kazi za nyumbani zigawanywe sawa kati ya wavulana na wasichana. Maamuzi hayo matatu hayangoji bajeti ya wilaya. Yakichukuliwa, mwanafunzi naye akashika zamu yake ya kulifunga daftari kila jioni na kuandika anachokijua, mtoto wa Jipe atakuwa ametendewa haki, na matokeo atakayoyapata yatakuwa kipimo cha uwezo wake na si cha mahali alipozaliwa.